Mguu wa Mtihani

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo ikinipata naacha chakula. Si ya kidonda. Ya kidonda niliizoea, ilikuwa yangu. Ni ya sabuni ya mikono ile ya rangi ya waridi, ikichanganyika na mayai ya kuchemsha. Madaktari walikuwa wanakula mayai kwa kale kachumba ka masista kabla ya raundi ya Jumatatu, halafu wananawa kidogo tu, wanakuja kunishika mguu. Nikiisikia hiyo harufu kwa mtu, hata kama ni kanisani, nahama kiti.

Mimi ni mwanamke wa soko. Nyanya na vitunguu vinatoka Kimana, mimi nauza Kitengela, na shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo sitaandika kama wao. Nitaandika vile ilikuwa. Majina ya watu sitaji, lakini kazi zao nitazitaja, na kila mmoja akisoma atajijua.

Nilikanyaga msumari wa kreti. Mvua ilikuwa imenyesha, na anayejua udongo mweusi wa Kitengela anajua vile unashika kiatu mpaka unakuvua. Nilikuwa nimebaki na slipa. Sikusikia kitu. Mtu wa ugonjwa wa sukari kama mimi miguu yake inalala, msumari unaingia kama unaingia kwa mtu mwingine. Damu niliiona jioni nikinawa. Juu kidonda kikakauka, ndani kikaoza, na kidole kikubwa kikaanza kugeuka rangi. Kwa zahanati ya mtaani wakaniambia nisikae, niende hospitali moja upande wa Kajiado ambako madaktari wanasomea kuwa wapasuaji wakubwa. "Huko mama utaonwa na wengi," wakasema. Hapo hawakudanganya.

Aliyenipokea alikuwa daktari kijana wa miwani, mmoja wa hao wanaosoma. Alifungua kidonda, akaangalia, akabonyeza kifundo, akabonyeza juu yake.

"Mama, kidole hiki hakiponi. Tutakitoa Jumatano. Kidole pekee."

"Na mguu?"

"Mguu utabaki."

"Sema tena."

Akacheka. "Utabaki, mama. Kidole tu."

Nilishika hilo neno na mikono yote miwili. Mwanamke wa soko anasimama kutoka asubuhi mpaka jioni. Anafuata gari la mzigo, anapanda juu ya makreti, anakimbia mvua ikija. Kidole nilikuwa tayari kuwapatia hata siku hiyo hiyo. Mguu ndio ulikuwa duka langu.

Kitanda cha pili kilikuwa na bibi mzee wa Kimaasai aliyeungua mkono na mafuta. Nilimwita Koko vile wajukuu wake walikuwa wanamwita. Asubuhi akiamka ananisalimia, "Takwenya," nami najibu, "Iko," vile alinifundisha, na nikikosea sauti ananicheka. Alipojua nauza nyanya za Kimana akaniita Mama Nyanya. "Ndio nyinyi mnamaliza maji ya ng'ombe wetu mkimwagilia nyanya," akasema. "Mungu amekuweka hapa karibu na mimi nikuadhibu."

Koko ndiye alinieleza wiki ya pale, maana alikuwa amekaa pale siku nyingi. Jumatatu ni raundi ya Profesa, mkubwa wa wote. Jumanne wako kliniki, wodini humwoni mtu. Jumatano wanapasua. Alhamisi wana darasa lao. Ijumaa wanapasua wale waliobaki, halafu ikifika saa za chakula wenye nyumba Nairobi wameshatoroka. "Ukitaka kuugua sana," Koko akasema, "ugua Jumatatu."

Lakini hata Jumatatu ilikuwa na yake. Profesa hakupenda kungoja bandeji ifunguliwe. Kwa hivyo asubuhi mapema madaktari wadogo walipita kitanda kwa kitanda wakifungua vidonda vyote, wodi nzima, ili akifika aangalie tu na kupita. Na yeye alikuwa anafika wakati anafika. Tunalala hapo tumeanikwa kama nyama ya buchari. Madirisha hayana wavu. Nzi wanatoka kwa huyu wanaenda kwa yule, wanasalimia watu wote. Jumatatu yangu ya kwanza nilivuta leso yangu nikafunika mguu. Sista mkuu akaja mbio.

"Mama, toa! Usifunike!"

"Nzi, sista."

"Profesa akikuta imefunikwa ni mimi nagombezwa. Si wewe. Ni mimi."

Akaitoa leso mwenyewe kwa ncha za vidole, akaitupa juu ya magoti yangu. Koko akasema kwa sauti, bila kuangalia mtu, "Kwetu hata mbuzi aliyechinjwa analazwa juu ya majani, na anafunikwa."

Profesa akaja, mwanaume safi, viatu vinang'aa, na kundi nyuma yake. Walizunguka kitanda changu mpaka mwangaza ukapotea. Kizungu chao sikukifuata chote. Mmoja alitaka kupiga picha, akatoa kalamu mfukoni akailaza kando ya kidonda ndio ukubwa wake uonekane. Iligusa maji ya kidonda, niliona. Akapiga picha, akarudisha kalamu mfukoni, na baada ya kitambo kidogo, Profesa akiuliza maswali, yule daktari akaitoa akaiweka mdomoni. Akawa anaitafuna kifuniko akifikiria jibu. Nilifikiri nitatapika juu ya hivyo viatu.

Profesa alisema kwa Kiswahili, ili nami nisikie, "Hii ni kesi nzuri sana." Nikatabasamu. Nilidhani ananiambia napona.

Jumanne hakuna aliyekuja. Jumatano nililala bila kula vile niliambiwa, midomo imekauka, kichwa kinazunguka, maana mtu wa sukari hafungi hivi hivi. Kitanda cha magurudumu kilikuja kikachukua mwingine. Kikarudi kikachukua mwingine. Jioni, jua lilipofika kwa ukuta wa wodi yetu, sista akaniletea uji.

"Kunywa, mama. Umesongeshwa mpaka Ijumaa."

"Kwa nini Ijumaa?"

"Uliza daktari."

Nilimwuliza yule wa miwani alipopita. Hakuketi. Alisimama akiwa ameshika chuma cha kitanda, na macho yake yalikuwa kwa blanketi.

"Kesho wenzangu wana mtihani wa majaribio. Profesa anataka waone mguu wako vile uko. Tukitoa kidole leo, hakutakuwa na kitu cha kuonyesha."

"Kwa hivyo mmeniweka?"

"Ni mpaka Ijumaa tu, mama. Dawa ya sindano inaendelea."

Alipoondoka Koko akaniuliza amesema nini, nikamweleza. Alipapasa ile bandeji yake. Halafu akasema, "Hata ng'ombe wa mnada akiwa na kidonda hawekwi. Anauzwa upesi kabla watu hawajaona."

"Mimi nimewekwa ndio watu waone."

"Basi wewe si ng'ombe," akasema. "Ng'ombe ana mwenyewe."

Alhamisi niliamka natetemeka. Jua linawaka nje, mimi meno yanagongana. Na kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu msumari, maumivu, nilikisikia. Hayakuwa kwa kidole. Yalikuwa juu ya kifundo, nyuma, kwa shavu la mguu, yanachoma kama mtu ameweka makaa ndani ya ngozi. Kulikuwa na wekundu ambao jana haukuwa. Nilimwonyesha sista mkuu.

"Waambie huko unakoenda," akasema. "Huko kuna madaktari wengi kuliko hapa."

Nilisukumwa kwa kiti mpaka ukumbi wao. Pale mlangoni yule wa miwani akainama akanipa maagizo. Nisiseme niko na sukari, wacha waitafute. Nisiseme kitatolewa kidole. Nijibu tu kile nimeulizwa. Nikamwambia, "Mguu unachoma huku juu." Akasema, "Sawa, tutaangalia tukimaliza," na tayari alikuwa anaita mwingine. Mkononi wakaniwekea soda, asante ya kusaidia wanafunzi. Soda! Mtu ameletwa hapo kwa sababu ya sukari, na hakuna hata mmoja kwa hao wasomi aliyeona kitu.

Wa kwanza kuja kwangu alikuwa msichana wa mikono baridi. Profesa alikaa kando na karatasi. Yule msichana aliniuliza shida yangu ilianza lini. Nikasema, "Daktari, wacha hiyo ya zamani. Leo imepanda. Iko hapa, nyuma."

"Mama!" Profesa akainua mkono, na alikuwa anatabasamu. "Usimsaidie!"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kidogo, Mungu anisamehe, maana mtu mkubwa akicheka mdogo anacheka.

"Lakini inachoma, daktari."

"Ni mtihani, mama. Akitaka kujua atauliza."

Hakuuliza. Lakini alishika. Mkono wake baridi ulipanda kutoka kwa kifundo, ukafika pale, ukasimama. Niliona uso wake. Alijua. Alimwangalia Profesa, akaangalia saa ya ukutani, halafu akatoa mkono akarudi chini kwa kidole, akaanza kusema vitu alivyokuwa amekariri, haraka haraka, kwa Kizungu. Profesa akaandika. Kengele ikalia, akaja mwingine, na mwingine, wote wakinibonyeza kidole kile kile kilichokufa. Soda iliniponyoka kwa kutetemeka ikamwagika chini, mtu akaleta mopu. Hiyo waliona.

Ijumaa yule wa miwani alikuja na wenzake, akafunua blanketi. Ngozi ilikuwa imefura malengelenge mpaka karibu na goti, na rangi yake sitaieleza.

"Mama," akasema, "si kidole tena."

"Uliniambia utabaki."

"Tungejua mapema..."

"Nilisema."

"Ulimwambia nani?"

"Nyinyi wote! Mlikuwa mmekaa hapo na karatasi!"

Koko alinishika bega na ule mkono wake mzima. Hakusema kitu cha kuchekesha. Walinikata chini ya goti siku hiyo hiyo, na sista mmoja akaniambia nishukuru, kwa sababu wapasuaji walikubali kuchelewa kwenda Nairobi.

Watu wa kanisa walikuja wakaniambia ni mpango wa Mungu, na ndugu zangu wakasema ni sukari. Nimechoka na hiyo. Mungu hakuwa amekaa pale na karatasi. Aliyekuwa amekaa ni Profesa, na ndiye alisema kidole kiwekwe, na ndiye alininyamazisha akicheka. Sukari haikutoa leso yangu kwa mguu, ni sista mkuu alitoa kwa kuogopa kugombezwa. Wa miwani aliniambia wataangalia wakimaliza. Na yule msichana ndiye namchukia zaidi, ingawa hakuwa mkubwa. Hao wengine hawakunigusa pale. Yeye aligusa.

Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akanipigia simu. Sasa alikuwa mkubwa wa wanaosoma. "Mama, shikamoo. Tunaomba uje Jumatatu wanafunzi wapya waone kisiki cha mguu wako. Kimepona vizuri sana." Sauti tamu. Ningemtukana, lakini nilikuwa nangoja mguu wa bandia, na anayetia sahihi fomu yake ni huyo huyo. Nikaenda na magongo yangu.

Walinikalisha kwa wodi ile ile. Wanafunzi wapya wakazunguka, nyuso laini, makoti bado yana mikunjo ya dukani. Yule msichana akashika kisiki changu. Mikono bado baridi. Akawaambia, kwa Kiswahili, pengine kwa kunifurahisha, "Mama huyu alikuwa na kidonda cha sukari. Alichelewa kufika hospitali. Mkumbuke hiyo: wagonjwa wetu huku wanachelewa sana."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nani alichelewa?"

"Mama, namaanisha kwa jumla..."

"Sikuchelewa. Nilikuwa hapa. Kitanda kile pale. Nililala hapo nikikungoja umalize mtihani. Ulishika hapa," nikaonyesha pale chini ya kisiki ambapo hapana kitu tena, "ukasikia joto, ukanyamaza ndio upite. Ulipita?"

Aliondoa mkono kwa kisiki changu. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameanza kuandika, akaacha, akawa hajui aweke wapi kalamu. Halafu yule msichana akasema, kwa sauti ya chini sana, "Twendeni kitanda kinachofuata," na kundi lote likahama kama kuku wakifukuzwa mvuani.

Profesa alikuwa hajafika. Kwa kitanda changu cha zamani alilala mwanamke mwenye umri wangu, mguu umefunguliwa, unangoja. Nzi walikuwa tayari kazini. Alikuwa ananiangalia tangu nianze kusema.

Nilichukua magongo nikaenda pale. Nikavua leso begani nikafunika mguu wake, nikakunja pembe zake chini ya kisigino ili isipeperuke.

"Inaruhusiwa?" akaniuliza.

"Mama wee!" Sista mkuu huyo, kutoka mlangoni. "Hiyo haifunikwi! Profesa anakuja!"

"Wacha akuje," nikasema. "Anigombeze mimi."

Nikakaa kando ya kitanda, nikaweka mkono juu ya leso. Kisha nikamwuliza yule mwanamke anasikia maumivu wapi, na alipoanza kunionyesha, sikumkatiza.