Siku Niliyochinja Mwenyewe

Wiki iliyopita binti yangu aliniletea kuku wa katoni, wale wanaofika Bukavu wakiwa wamegandishwa kutoka nchi ambazo siwezi hata kuzitamka. Hana kichwa, hana miguu, hana hata unyoya mmoja wa kukuonyesha alikuwa wa rangi gani. Nilimweka kwenye beseni ayeyuke, nikavuta kiti changu, na kabla sijajua ninafanya nini nikawa namuuliza kwa sauti: nani amekuchinja wewe? Usinicheke, rafiki yangu. Mtu akiishi peke yake muda mrefu huanza kuzungumza na vitu vya jikoni. Binti yangu alikuwa ameniuliza habari za miguu yangu, akaondoka, na chumba kilikuwa kimya mpaka nikasikia barafu ikipasuka ndani ya beseni.

Mimi nililelewa mahali ambapo swali hilo halikuulizwa, kwa sababu kila mtu alijua jibu lake. Nazungumzia mji wa Baraka, kando ya ziwa, miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanaandika majina yetu kwenye vitabu vyao, na pamba ikiwa bado inalimwa kwa lazima. Mtaa wetu ulikuwa na nyumba kama kumi hivi za udongo, kati ya barabara na ziwa, na yetu ilikuwa ndogo kuliko zote. Ndani tulikuwa wawili tu, mimi na nyanya, mama aliyemzaa baba yangu. Mama yangu alifariki kabla sijajua kumwita. Baba alikuwa mwashi huku Bukavu. Tulimwona mara moja kwa mwaka, na mwaka mwingine hatukumwona kabisa.

Nyanya alikuwa Mbembe aliyeshuka kutoka milima ya Fizi, Mprotestanti wa kwelikweli, na mtu wa maneno machache. Aliweza kutwanga muhogo asubuhi nzima bila kusema kitu, isipokuwa wimbo mmoja wa kanisani ambao aliukatiza mahali pale pale kila mara, pumzi ilipomwishia. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo hujifunza kusikiliza nyumba za wengine. Na za wengine zilikuwa na mengi ya kusikiliza.

Upande wa kulia aliishi fundi wa mbao, Mkatoliki kutoka Maniema, ambaye randa yake ilianza kulia kabla jua halijatoka. Mkewe alipika wali kwa mawese, na harufu yake ilinifikia nikiwa bado mtoni na ndoo kichwani. Ng'ambo ya njia walikaa wavuvi waliotoka pwani ya Burundi, wakianika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, mchangani na kuimba maneno niliyoyashika yote bila kujua hata moja lina maana gani. Siku za soko alishuka mama mmoja kutoka kule juu milimani kwenye ng'ombe, mrefu, mwenye siagi na maziwa katika vibuyu, na alilala kwetu kwa sababu nyanya alikuwa na mkeka wa ziada. Mama huyo hakula kuku wala samaki, na hakuficha mshangao wake kwamba sisi tunakula vitu hivyo. Nyanya alimpikia maharage, naye akatuachia maziwa. Kila siku tulisikia adhana, Jumapili ngoma ya kanisa letu na kengele ya Wakatoliki, na mimi nilijua kumwamkia kila mmoja kwa namna ya kwao kabla sijajua kusoma.

Upande wa kushoto, ukuta kwa ukuta, alikaa maalimu, aliyefundisha watoto Kurani barazani kwake. Alikuwa na mke na watoto saba. Mkewe nilimwita mama jirani. Saa sita mchana alipotoa sinia la wali au bugali, na samaki juu yake, mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni, nikijifanya nimekuja kwa shughuli nyingine.

"Musogee, mwenzenu amefika," aliwaambia watoto wake.

Basi. Hakuna aliyeniuliza nimekula au sijala. Magoti yalisogea, nafasi ikapatikana, na mimi niliyezoea kula nyumbani nikisikia meno yangu mwenyewe, pale nilikula nikigombania mchuzi na kupigwa viwiko. Sijawahi kuwa na furaha kama ile ya kupigwa viwiko. Nakuambia bila aibu kwamba nilikuwa mtoto mpweke, na lile sinia ndilo lilikuwa ndugu zangu.

Sasa nikueleze desturi ya mtaa wetu. Kila nyumba iliyotaka kula kuku au mbuzi ilimpeleka kwa maalimu amchinje. Fundi Mkatoliki alimpeleka. Wavuvi walimpeleka. Nyanya, pamoja na wimbo wake wa kanisani, alimpeleka. Kwa hiyo chungu chochote kilichofunuliwa mtaani, mtu yeyote aliweza kutia mkono bila kuuliza. Mwinjilisti wetu hakupenda. Alikuja siku moja kumwonya nyanya kwamba Mkristo hapaswi kusomewa maneno ya Waarabu juu ya kuku wake. Nyanya aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo, akamjibu bila kuinua uso.

"Kama nachinja mi mwenyewe, nitakula mi mwenyewe, peke yangu."

Mwinjilisti alikunywa maji, akaenda zake.

Mwaka ninaotaka kukusimulia nilikuwa na miaka tisa au kumi. Dada yake nyanya aliugua huko Mboko, nyanya akaenda kumuuguza, akaniacha mikononi mwa mama jirani kwa siku chache. Nilikula kwao asubuhi na mchana na jioni. Siku ya tatu, binti yao mkubwa, tukiwa tunaosha sahani ziwani, alisema akicheka, "We unakuyaka kila siku na mikono mitupu."

Hakuwa na ubaya. Dakika ile ile alinirushia maji na tukacheza. Lakini neno lile, kwamba nakuja kila siku bila kuleta kitu, liliniingia. Usiku nililigeuza na kuligeuza, na asubuhi nilikuwa nimeamua: leo watakula kwangu.

Nyanya alikuwa na kuku wawili. Nilimkamata yule wa madoadoa, aliyekuwa mvivu wa kutaga, nikampeleka kwa maalimu. Maalimu hayupo. Alikuwa amevuka na mtumbwi kwenda Ubwari kufungisha ndoa, na angerudi alasiri. Mtu mwenye akili angemfungua kuku miguu na kungoja. Mimi nilirudi nyuma ya nyumba yetu, nikatwaa kisu cha nyanya, nikamgeuza kuku upande ule maalimu anaowageuzia, nikasema maneno niliyomsikia akisema mara mia. Bismillahi na yote yanayofuata. Nilimchinja vibaya, kwa shida, nikilia kidogo. Kisha nikamnyonyoa, nikampika kwa nyanya mbili za kuiva, chumvi na pilipili moja, nikabeba chungu kwa kitambaa mpaka kwa mama jirani.

Yeye hakuniuliza kitu. Hilo ndilo linaloniuma. Mimi mwenyewe, chungu bado kiko mikononi, nilisema, "Ni maalimu alichinja, asubuhi, mbele ya kuenda." Yaani kabla hajapanda mtumbwi.

"Basi leo tuko bageni bako," akasema mama jirani.

Aliweka chungu changu katikati ya sinia, akakisukuma chake pembeni, na akaniketisha karibu yake kama mtu mzima mwenye nyumba. Binti mkubwa alilamba vidole. Mdogo kabisa aliomba shingo. Paja moja mama jirani aliliweka kwenye kibakuli na kulifunika, la mumewe. Kwa muda wa mlo mmoja mimi nilikuwa mtu anayelisha watu, rafiki yangu, na nilijiona nimekuwa mrefu.

Maalimu alirudi alasiri, miguu ina mchanga. Mkewe alimletea maji, kisha kibakuli.

"Ni ile kuku ulimuchinjia mutoto asubuhi," alimwambia.

Maalimu alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaurudisha.

"Mi sikuchinja kuku leo."

Hakupaza sauti. Mama jirani alinitazama, akatazama watoto wake, kisha akasimama, akachukua birika. Aliwapanga uani, wote saba, akawamiminia maji mmoja mmoja viganjani, wakasukutua na kutema mchangani. Yule mdogo hakuelewa, akadhani ni mchezo, akataka kurudia. Mimi nilibaki nimekaa kwenye mkeka. Hakuna aliyenipa maji.

"Nani alichinja?" akauliza maalimu.

"Ni mi."

"Ulisema nini?"

"Nilisema Bismillahi. Kama vile unasemaka."

Nadhani alikuwa karibu kutabasamu. Halafu uso wake ukawa mzito tena.

"Mambo ya kuku tutaimaliza," akasema. "Lakini ulisema ni mi."

Nyanya aliporudi kutoka Mboko alihesabu kuku kwa jicho, akaambiwa habari yote na mama jirani. Hakunipiga. Nilitamani anipige. Alimkamata kuku aliyebaki, yule mtagaji, akanishika mkono, na maalimu akamchinja barazani, watu wa mtaa wakipita na kuona. Nyanya alimpika mwenyewe. Tukabeba chungu pamoja mpaka kwenye sinia lile, na nyanya akaomba radhi kwa maneno manne au matano, mengi kwa mtu kama yeye. Mama jirani alisema yamekwisha. Alisema kwa moyo, naamini hivyo. Chungu kikafunuliwa, mkono wake ukaelekea kwenye nyama, na kabla ya kuigusa akainua macho akamtazama mumewe. Maalimu akaitikia kwa kichwa. Ndipo akala.

Hawakunifukuza, usinielewe vibaya. Magoti yaliendelea kusogea saa sita mchana, na mama jirani alinisuka nywele kama zamani. Lakini tangu siku ile, chakula chochote kilichotoka kwetu, hata kiwe samaki, hata kiwe sombe tupu, alimtazama mumewe kwanza. Kwa nyumba ya fundi hakutazama. Kwa wavuvi hakutazama. Nafikiri hata yeye hakujua kwamba anafanya hivyo. Mimi nilijua. Nilikuwa nakaa na wenzangu saba, bega kwa bega, nikingojea yale macho yainuke, na yalipoinuka nilikuwa peke yangu kuliko nilivyokuwa nyumbani kwa nyanya.

Baadaye, labda mwaka mmoja na kitu, baba alituma ujumbe kwamba ameoa na kwamba nije Bukavu nisome kwa masista. Nyanya alikataa kuondoka Baraka. Mgiriki aliyenunua pamba yetu alikubali kunichukua kwenye kamio yake, lori la kubebea pamba, mpaka Uvira, na baba angenipokea pale. Nililia siku mbili, kisha nikamwomba nyanya kitu kimoja tu, kuku wa kuagia. Alinipa jogoo.

Alfajiri nilimpeleka kwa maalimu. Mkewe alikuwa mtoni. Maalimu alichinja, mimi nikishika miguu ya jogoo kwa mikono yangu miwili, na damu ilinirukia kwenye gauni la safari. Nilimpika vizuri, nilikuwa nimeshajua kupika. Nilipovuka na chungu, mama jirani alikuwa amerudi, watoto wamekaa, na maalimu hayupo. Kulikuwa na msiba karibu na sokoni, ameitwa kuosha maiti.

Mama jirani alipokea chungu kwa mikono yote miwili, akanishukuru, akaniita mwanawe. Akakiweka katikati ya sinia. Kisha akaangalia mlangoni, na kifuniko akakiacha pale pale.

"Baba akirudi tutakula," akasema, kwa upole kabisa.

Nilifungua mdomo. Maneno niliyokuwa nayo yalikuwa haya: ni maalimu alichinja, asubuhi, mbele ya kuenda. Yalikuwa ya kweli, kila moja. Na yalikuwa yale yale. Niliyasikia kichwani jinsi yatakavyotoka, nikaufunga mdomo. Kamio ikapiga honi. Nyanya alikuwa ameshasimama barabarani na furushi langu. Mama jirani alinikumbatia na jasho lake la mtoni, binti mkubwa akanishika shingo, na nikatoka bila kula nao.

Nyanya alikufa nikiwa bado shuleni. Vita vikaja, vikaja tena. Nilisikia familia ya maalimu ilivuka ziwa kwenda upande wa Kigoma. Fundi alirudi Maniema, na wavuvi sijui. Siku hizi watu wanaoshuka kutoka kule juu kwenye ng'ombe na watu wa ziwani wanaogopana, na mkeka wa ziada haupo tena katika nyumba ile, wala nyumba yenyewe. Nilipita pale miaka ya karibuni kwa pikipiki. Pana karakana ya injini za mitumbwi. Vijana waliokuwa wakifanya kazi hawakumjua hata mmoja wa watu niliowataja, wakanipa kiti, wakanipa maji, wakarudi kwenye kazi yao.

Nimewahi kumtafuta mtu yeyote wa ile nyumba ya watoto saba. Nimeulizia Uvira, nimeulizia kwa watu wanaokwenda Kigoma na kurudi. Yule mdogo, aliyedhani kusukutua ni mchezo, huenda yuko hai. Sina haja ya kumwomba radhi, hilo lilikwisha zamani. Nataka aniambie tu kama baba yake alirudi kutoka msibani kabla chakula hakijaharibika, na kama walikula.