Kopo Lenye Picha ya Jani

Jambo la kwanza ambalo mtu aliligundua kwa Josephati lilikuwa pua yake. Haikuwa kubwa, ila ilimtangulia kila mahali. Hakupokea kitu bila kukinusa. Alinusa maziwa, alinusa nyama, alinusa hata barua za binti yake Marsela kutoka shule ya bweni, kana kwamba habari mbaya ina harufu yake.

Hakuzaliwa hivyo. Miaka kumi na mmoja ya kuwa msaidizi wa mpishi katika nyumba moja ya wageni, hapo Karatu, ndiyo iliyomfundisha. Alikwisha kuona maziwa yaliyoongezwa maji na samli iliyochanganywa na viazi vilivyopondwa. Asali ndiyo iliyomtesa kuliko vyote, maana wajanja waliichemsha pamoja na sukari guru ili debe lijae upesi. Kwa hiyo Josephati alimshuku kila aliyepita mlango wa jikoni akiwa amebeba kitu, na wakati mwingine hata aliyepita mikono mitupu.

Mwaka 1983 mpishi mkuu alistaafu akarudi kwao Mbulu. Kofia yake nyeupe ikabaki imetundikwa kwenye msumari jikoni, na kila asubuhi Josephati aliitazama. Meneja, Ndugu Naftali, hakusema ni ya nani.

Jumatatu moja alikuja kulala pale mama mmoja Mkanada, mke wa mtaalamu wa mashamba ya ngano kule Hanang. Alikuwa akitoka kuona kreta ya Ngorongoro. Mezani aliisukuma kando saladi ya Josephati, ambayo ilikuwa kabichi, karoti na chumvi basi. Hakulalamika. Alikwenda garini akarudi na kopo.

"Jumamosi tunarudi, watu saba, chakula cha mchana," alisema, akiyachagua maneno ya Kiswahili moja moja. "Tengeneza mchuzi wa saladi na hii. Tamu sana! Ni kama asali."

Aliacha pia karatasi ya vipimo, na Naftali akaitafsiri: mafuta vikombe viwili, maji ya limau kikombe kimoja, cha kwenye kopo kikombe kimoja, kitunguu kilichokunwa, chumvi na pilipili manga. Halafu akaongeza neno lake mwenyewe.

"Wageni wakifurahi Jumamosi, ile kofia ni yako. Wasipofurahi, naandika Arusha waniletee kijana aliyesomea hoteli."

Josephati alifungua kifuniko kidogo, akanusa. Akakutana na harufu ya moshi. Akaridhika, kwa kuwa asali ya huku hurinwa kwa moto na haikosi moshi. Kopo likapelekwa stoo kwa Antonia, mtunza stoo, mwanamke mnene mwenye funguo shingoni, ambaye wote walimwita Mama Yohani.

Ijumaa asubuhi Josephati alilichukua ili ajaribu. Alipoliinamisha, kilichomo kikatiririka kama chai.

"Asali gani hii inayokimbia?" alijiuliza.

Akamwaga tone mchangani. Asali safi hujiviringa na kubaki juu; hii ilinyweka mara moja. Akachovya njiti ya kiberiti. Njiti iliyopita kwenye asali safi huwaka. Hii haikuwaka, wala ya pili, wala ya tatu, na viberiti siku hizo vilikuwa adimu kama sukari. Mwisho akamwaga kiasi kizingitini akasubiri. Asali safi, sisimizi huipita mbali. Hapa walifika wakiwa wamejipanga kama foleni ya duka la ushirika.

Josephati akasimama taratibu. Kwa mawazo yake mambo yalikuwa wazi. Asali ya mgeni ilikuwa imemiminwa kwingine, na ndani ya kopo yakawekwa maji ya sukari iliyounguzwa. Na mwenye ufunguo alikuwa mmoja tu. Kesho wageni wangeonja, wangekunja nyuso, na kofia ingevaliwa na kijana wa Arusha.

Akaenda hadi mlango wa stoo.

"Mama Yohani, nani aliingia humu tangu Jumatatu?"

"Panya na mimi. Kwani vipi?"

"Kopo langu limechezewa."

Antonia akaacha kupepeta maharage. "Limechezewa na nani, Baba Marsela? Sema tu, usizunguke."

"Asali imetoka, maji ya sukari yameingia. Mimi sijataja jina la mtu."

"Maji ya sukari!" Antonia akacheka kwa hasira. "Sukari yenyewe ningeitoa wapi? Mwezi wa pili huu ninakunywa chai na chumvi! Ningekuwa na sukari ya kuchezea makopo, ungeniona hapa napepeta maharage yenye fukusi?"

"Mwenye sukari hatangazi."

"Haya. Basi mafuta ya huo mchuzi wako hutayapata kwangu. Kayanuse huko sokoni!"

Wakati huo mlinzi Metui, Mmasai wa Olbalbal, alikuwa ukutani akimalizia chai kabla ya kwenda kulala. Miezi hiyo wazee wa boma lake walikuwa wamemtuma atafute asali ya kutengenezea pombe ya sherehe, na kila aliyemletea debe bovu alirudishwa nalo kwa aibu. Antonia akamwita.

"Metui, njoo utuamulie. Wewe asali hawakudanganyi."

Metui akatia kidole koponi, akalamba, akafumba macho muda mrefu.

"Hii haijaona nyuki," alisema.

"Umesikia, Mama Yohani?" Josephati akadakia.

"Wewe mzee, ngoja. Sukari pia hapana. Hii ni mti. Tulipokuwa wadogo tunachunga, tulibandua utomvu wa mgunga tukatafuna. Haukuwa mtamu hivi, lakini huku nyuma ya ulimi ni kitu kilekile. Mti." Akaligeuza kopo, akaonyesha picha. "Aliyelitengeneza mwenyewe amekuambia, yeyo ni shahidi. Mtu wa asali angechora nyuki. Huyu amechora jani."

Yeyo, yaani mama, ndivyo alivyomheshimu Antonia siku zote. Antonia akakunja mikono, akamtazama Josephati.

Josephati hakukubali mara moja. Siku nne alikuwa ameliona lile jani jekundu akalidhania pambo. Akalichukua kopo hadi ofisini, akamwomba Naftali asome maandishi yake, "kwa kujielimisha tu." Naftali akavaa miwani.

"Maji ya mti wa Kanada," alisoma. "Huchemshwa mpaka yawe mazito. Hakuna kilichoongezwa." Akalitikisa. "Mbona limepungua hivi?"

"Nilikuwa naonja, Ndugu Meneja."

"Unaonja au unakunywa?"

Alirudi stoo polepole kuliko alivyokwenda mara ya kwanza. Koponi kilibaki kikombe kimoja na kidogo, na mafuta yote ya nyumba yalikuwa nyuma ya Antonia.

"Mama Yohani, nimekukosea."

"Sisikii. Metui naye hasikii."

"Nimekukosea!" alisema kwa sauti, mpaka mfagizi uani akageuka. "Hukuchezea kopo. Ni mimi na hii pua yangu."

Antonia akafungua mlango. Akapima mafuta huku akihesabu matone, akakamua malimau mwenyewe, kisha akasimama jikoni kuona kila kinachoingia. Josephati alijaribu kwanza kwa vijiko tu, ili asipoteze tena. Alipomaliza alitikisa vyote ndani ya chupa ya jamu, akamimina kidogo kwenye kabichi, akamsogezea sahani.

"Onja kwanza wewe," Antonia alisema. Kijijini kwao aliyepika pombe ndiye aliyeanza kuinywa mbele ya watu, ili wote waone hakuna alichotia.

Josephati akanusa kwa mazoea, akaona jicho la Antonia, akaacha. Akala. Uchachu wa limau ulitangulia, kitunguu kikafuata, na utamu ukaja mwishoni kabisa na ule moshi wake. Akala tena. Ndipo Antonia akachukua uma.

"Mh," alisema. "Wakilalamika hao, wana yao."

Jumamosi saa saba mchana chupa iliyojaa ilikuwa ndani ya beseni la maji baridi, na majani ya saladi yamefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Naftali alisimama barazani akitazama barabara ya Mbulu. Petroli ilikuwa shida, na hakuna aliyejua kama gari lingefika. Vumbi likatimka mbali. Lilikuwa lori la mahindi. Josephati akarudi jikoni, akachungulia chupa, akaitazama kofia kwenye msumari, akatoka tena.

"Baba Marsela, tulia," Antonia alimwambia pale barazani. "Chupa haina miguu."

"Nawe umeiacha na nani huko ndani?"

Kabla hajajibiwa, vumbi jingine likainuka nyuma ya mibono ya kando ya barabara, jembamba na lenye haraka, la gari dogo, na Josephati akainua pua yake juu.