Kinara cha Shangazi Salome

Sisi Wamenoniti dini yetu hairuhusu kuapa, la sivyo Jumatatu ile ningeapa mpaka majirani wasikie.

Mume wangu Titus alikuwa mchora mabango ya maduka hapa Lancaster. Uchumi ulipoanguka na maduka yakafungwa, serikali ikamchukua achore vyombo vya kale vya nyumbani viwekwe kwenye kumbukumbu, kila kimoja kama kilivyo, na doa lake na mbonyeo wake. Michoro miwili ya kwanza ikakataliwa. "Unavipamba," mkaguzi alimwambia. "Wa tatu ukikataliwa, kazi huna."

Basi akateremsha kinara cha mshumaa, cha shaba, cha shangazi yake Salome, kilichokaa juu ya kabati miaka na miaka ambako mkono haufiki. Cheusi kwa masizi, na ndani ya masizi alama ya dole gumba. Siku kumi na moja mtu kainama kwenye meza ya jikoni kwa shangazi, anachora masizi! Mchoro ulipokwisha nilitamani kuupangusa.

Jumatatu mkaguzi akaja kwa shangazi kulinganisha mchoro na chombo. Shangazi akatukatia pai tamu ya molasi, kisha akaleta kinara. Lo! Kinang'aa kama kijiko kipya. Kumbe Jumamosi, siku yake ya kusugua, alikikuta mezani, Titus kamaliza kuchora na kuondoka, akakipitia kwa siki na majivu.

Mkaguzi akatazama kinara, akatazama mchoro. "Safari hii umebuni uchafu."

"Shangazi, mwambie!" Titus akamgeukia. "Kilikuwa cheusi au hakikuwa?"

Mwanamke yule hajasema uongo maishani. Akanyoosha aproni, uso mwekundu. "Bwana, nyumba yangu husuguliwa kila Jumamosi. Muulize yeyote."

"Shangazi, amekuuliza kinara, si nyumba!" nikafoka.

"Nimeshasema, Lavina. Kula pai yako."

Kila neno kweli tupu, na mume wangu kazi hana. Nilichukia, nachukia mpaka leo. Titus sasa anakamua ng'ombe wa kaka yake, brashi hataki hata kuziona.

Mchoro niliutundika jikoni kwangu makusudi. Shangazi akija, hukaa akiupa mgongo. Juzi nikakigeuza kiti chake kabla hajakaa. Haya, tazama! Akatazama weee, kisha akasogea karibu.

"Hiki kidole ni cha mama, ndiye aliyekiweka kinara juu kule," akasema. "Kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, Shangazi."

Akanyoosha mkono auguse. Nikaudaka.

"Usiguse. Kimebaki hicho tu."