Jasusi Mwewe na Fahali wa Makangale

Masika Nyange ni fundi mwashi wa Msuka, kisiwani Pemba, na nusu ya kuta za kijiji kile zimesimama kwa mikono yake. Lakini hayo ya kuta hakuna anayeyasema. Akipita njiani, watoto humwamkia, "Shikamoo, Mwewe!" na wakubwa humuuliza, kwa siri ya kusikiwa na mtaa mzima, kama nchi iko salama. Maana kwa miaka ishirini na miwili, katika filamu kumi na moja, Masika ndiye aliyekuwa Jasusi Mwewe, mwenye miwani myeusi na koti refu la kaki, koti la kumpikia mtu ndani yake kwa jua letu hili. Jasusi gani huyu anajulikana hadi na mbuzi, sijui. Filamu zilipendwa vivyo hivyo.

Mwaka huu Masika ametimiza sitini na tatu. Haitham, mwongozaji wa kikundi cha filamu cha Wete, alikuja Msuka siku ya Jumamosi asubuhi, akaketi barazani, akanywa chai yote, ndipo akalitoa la moyoni.

"Ami Masika, hii ya kumi na mbili ndiyo ya mwisho. Magoti yako yanalia, Ami. Filamu iliyopita tumeyasikia kwenye maikrofoni. Unamnyatia adui, goti linabisha hodi."

Masika alicheka, kwa sababu ni kweli. Lakini Haitham alipoendelea kueleza kwamba Mwewe atapigwa risasi, avishwe sanda, abebwe kwenye jeneza, kicheko kilikatika. Bi Asya, mkewe, alikuwa ndani akichambua mchele, na wote wawili walimsikia akiweka ungo chini.

"Sanda kwa mtu mzima wa afya? Mume wangu miye?" alisema akitokeza mlangoni. "Kesho watu wa Konde waje na mchele wa hitima, nikawaambie nini? Na mchele wao n'rejeshe?"

Sanda ikafa pale pale. Haitham akaleta shauri la pili: Mwewe abaki hai, na mwisho wa filamu uwe kwenye mchezo wa ng'ombe, ule wa kumchokoza fahali na kumkwepa, kule Makangale, baada ya mavuno ya mpunga. Adui atakuwa ameificha siri ya serikali ndani ya kifurushi kilichofungwa shingoni mwa fahali, na Mwewe atakitwaa mbele ya umati. Hapo Masika alikaa wima. Enzi za ujana wake alicheza ng'ombe, na alicheza vizuri.

"Ila pale kwenye ng'ombe," Haitham akamalizia kwa sauti ndogo, "ataingia Fahmi. Avae koti lako. Tutampiga picha kwa nyuma tu."

Fahmi ni kijana wa miaka ishirini na minne, mpole, mwepesi wa miguu, na Masika hakuwa na ugomvi naye hata kidogo. Lakini katika filamu zote kumi na moja hakuna mtu aliyewahi kuruka, kuanguka wala kutembea badala yake. Leo siku ya kumalizia, mwisho wake aufanye mtu mwingine?

"Sitaki," alisema.

"Utataka," alijibu Bi Asya, ambaye kwa hili alikuwa upande wa Haitham. "Goti hilo la kupandia ngazi limekushinda, ndilo utakalomkimbia nalo fahali?"

Masika akanuna siku mbili. Alinuna hata mbele ya pweza wa nazi, na hilo Bi Asya hakuwahi kuliona tangu waoane. Siku ya tatu akakubali kwa kichwa, moyo ukabaki nyuma. Lililomuuma ni dogo na alilijua: watu wangeishangilia kazi ya mwisho ya Mwewe, na kazi yenyewe isingekuwa yake.

Siku ya mchezo, uwanja wa Makangale ulijaa. Kikundi hakina uwezo wa kukusanya umati, kwa hiyo huazima ule uliopo. Wanawake walisimama upande wao wakiimba na kupiga makofi, kumsifu fahali na kumchokoza, na Bi Asya alikuwa miongoni mwao. Fahali aliitwa Msumeno, mweusi, kamba ndefu imeshikwa na wanaume sita, kifurushi chekundu kinaning'inia shingoni. Fahmi akaingia na koti, miwani na kofia. Haitham akaanza kupiga picha.

Fahmi hakupiga hatua tano.

"Yuno siye!" ilipaa sauti ya mwanamke. Na mwingine, "Siye! Masika hatembei hivo!" Nyimbo zikakatika. Haitham aliwasihi watu wajifanye hawajui, wakamwambia hawakuja kudanganywa mchana kweupe. Ukitaka kumdanganya Mpemba, usimdanganye kwa mwendo wa mtu aliyezaliwa naye. Hata fahali aligoma, akasimama anatafuna, maana bila nyimbo hana anachokasirikia.

Masika alikuwa ameketi kando juu ya ndoo. Aliinuka, akaenda kwa Fahmi, akanyoosha mkono.

"Nipe koti, mwanangu."

Umati ulipomwona anaingia, anachechemea kidogo, ulilipuka. Nyimbo zilirudi mara mbili ya mwanzo, na Msumeno akakumbuka kuwa yeye ni fahali. Alikuja. Masika akamwacha afike, akageuka upande kama alivyogeuka ujanani, mkono ukapita shingoni na kifurushi kikatoka nao. Mara moja tu, safi kabisa. Akakinyanyua juu, na furaha ikamjaa mpaka akasahau umri wake.

Goti halikusahau. Alipotaka kugeuka lilifunga, akakaa chini kama aliyekaribishwa mkeka. Msumeno naye akageuka. Wanaume sita wakavuta kamba, wawili wakaanguka.

Mwanamke haingii uwanja wa ng'ombe; anaimba pembeni. Bi Asya aliingia. Aliivua kanga yake ya juu, akabaki na mtandio, akampungia fahali huku akimtolea maneno makali, na Msumeno akaifuata kanga, akaitoboa, akaondoka nayo kwenye pembe. Wale wanaume wakaikamata kamba vizuri. Bi Asya akarudi kwa mumewe.

"Inuka, Baba Zulekha. Nchi ishaokoka, twende zetu."

Akamshika mkono wa koti, wakatoka pole pole, yeye anasema njia nzima, jasusi anaitikia "naam" na "haya." Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, siku ile ng'ombe alikuwa mzima, aliyerejea zizini ni Mwewe. Haitham alipiga picha mpaka walipopotea, kisha akawakimbilia.

"Tutarudia, Ami. Jasusi hana mke."

"Huyu anaye," alisema Masika. "Ukikata hapo, katafute Mwewe mwengine."

Filamu ilioneshwa Wete, ukumbini, baada ya sala ya alasiri. Masika alikaa nyuma na Bi Asya, maana aliijua sehemu ya kukaa chini inakuja, na aliogopa kwamba miaka ishirini na miwili itaishia kwa watu kumcheka. Walimcheka. Walicheka mpaka wakagongana mabega. Kisha pazia likaonesha wawili wale wakitoka uwanjani, koti limeshikwa mkono na mke, na kicheko kikapungua, kikaisha. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti ya kutua mzigo:

"Alhamdulillahi. Kumbe Mwewe ana mwenyewe."

Masika akageuka kumtazama Bi Asya. Alikuwa amejifunika uso mzima kwa mtandio, na mkono wake umeshika mkono wa shati la mumewe.