Samaki wa Ukuta wa Tanuri

Nilikuwa nimekaa kwa fundi wa viatu mjini Nyeri, kiatu kimoja mguuni na kingine mikononi mwake, aliponiambia bila kuinua macho kwamba yule mzee wa samaki amefariki. Hakuhitaji kutaja jina, maana mzee wa samaki Nyeri alikuwa mmoja tu. Nikajikuta nimekasirika kabla sijahuzunika. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua hasira zangu hazikai, lakini hii imekataa kuondoka.

Marehemu alikuwa mpishi wa mikate katika tanuri moja nyuma ya soko. Mwenye tanuri wa kwanza, Mhindi, alipofunga safari ya ng'ambo miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mkewe alimwachia mpishi tangi la kioo lenye samaki wadogo wa mapambo, wasiozidi urefu wa kidole, madume wao wakiwa na mikia mipana myekundu. Akamwambia jambo moja tu: hawa wanataka joto. Joto, Nyeri! Mji ambao mwezi wa Julai sisi wenyewe tunashinda ndani ya makoti. Lakini chumba alichopanga kilipakana na tanuri, na ukuta ule wa matofali haukupoa mchana wala usiku. Akaliegemeza tangi hapo, na samaki wakazaa.

Watu walimcheka. Wengi wa rika lake hawakuzoea samaki hata kwenye sahani, sembuse chumbani. "Ati unafuga kitu hauli, haukamui, na hauuzi?" jirani mmoja alimuuliza nikiwapo. "Mimi naangalia tu," akajibu. "Wewe ukitoka kazi unaangalia nini?" Jike akikaribia kuzaa alimhamishia kwenye chupa pana iliyojaa majani ya mtoni, kwa sababu samaki hawa huwala watoto wao, na vichanga huponea majanini. Maji hakuyamwaga yote hata siku moja. Alichota kikombe, akaongeza kikombe kilicholala kando ya ukuta kikapata joto. Maji yakishakuwa ya kijani kidogo, alisema, ndipo samaki hujua wako kwao.

Kisha ikaja mikate ya Nairobi, imekatwa tayari na kufungwa kwa karatasi ya kung'aa, ikishushwa madukani kutoka Kagio hadi Nanyuki. Tuliipenda sana. Tanuri likafungwa, na hakuna aliyefikiri kwamba kwa kununua mkate ule tulikuwa tunapoza ukuta wa mtu. Samaki wakaanza kufa. Mzee akawa anawasha jiko la makaa chumbani, madirisha yamefungwa, mpaka moshi ukamharibu kifua akalazwa. Wakati huo alikuwa amebakiwa na madume wachache na jike mmoja mwenye mimba. Jike huyo akifa, basi.

Ufunguo alimwachia jirani yake, mama mmoja wa kanisani, ambaye kila jioni aliwasha taa ya mafuta kando ya kioo kama alivyoelekezwa. Nilipokwenda wodini mzee hakuuliza habari za mji. "Amezaa?" Siku niliyompelekea jibu kwamba vichanga vinaonekana majanini, vidogo kama mbegu za nyanya, alijifunika blanketi usoni akacheka hadi akakohoa.

Alipopewa ruhusa nilimrudisha nyumbani mimi. Kwetu mgonjwa hapokelewi katika nyumba chafu. Akina mama wa kanisa walikuwa wamefika tangu asubuhi, wamepiga deki, wamefua mapazia, wamepika, na chumba kizima kilinukia sabuni.

"Karibu nyumbani, baba," alisema yule jirani, akipangusa mikono kwenye leso. "Tumeosha kila kitu. Hata ile maji ya samaki ilikuwa imekuwa kijani, na majani imeoza kwa chupa, tukamwaga yote. Tumesugua kioo na sabuni, tukaweka maji ya mfereji, safi kabisa, ya kutoka mlima. Saa hii wamelala."

Walikuwa wamelala kweli, ubavu juu. Vichanga vilimwagwa pamoja na majani. Mzee alishika ukuta uliopoa. Kisha akavua kofia. "Asanteni sana, mama zangu. Mungu awabariki." Nilipofungua mdomo alinibana mkono. Akanywa chai yao hadi tone la mwisho, na walipoondoka akaniambia, "Usiwaambie. Wataumia roho, na samaki haitarudi."

Hakufuga tena. Kila nilipopita nilimkuta ameketi mlangoni, amekipa chumba mgongo.

Siwezi kuwalaumu akina mama wale, na hilo ndilo linaloniudhi. Ni watu wema kuliko mimi. Katika miji hii ya mlima, mtu akiugua tunafika na kuni, maziwa na ndoo za maji kabla hajaita. Waliotuletea mkate wa kukatwa nao pia walidhani wanatufaa. Kusaidia tunajua sana. Kuuliza hatujui, na kwa umri wangu sioni dalili kwamba tutajifunza.

Tulimzika kwao Mukurweini. Kando ya jeneza, mezani, liliwekwa lile tangi, limejaa maji na maua meupe. Yule jirani alinivuta pembeni, macho yamevimba kwa kulia.

"Umeona tumemletea kioo yake? Nimeosha mwenyewe. Angalia vile maji iko safi."

Nikamwambia ni safi sana. Yeye hasomi magazeti, na anayemjua namwomba asimsomee haya. Lakini wewe unayesoma, ukienda wiki hii kumsaidia mgonjwa, kabla hujamwaga chochote, muulize kwanza. Mzee wetu hakuna aliyemuuliza, na maji yaliyomsindikiza hayakuwa na kitu hai ndani yake.