Pasaka ya Bi Halyna

Harufu ya bitiruti zikichemka na siki hunirudisha hadi leo kwenye jiko moja la Morningside, mtaa wa matajiri hapa Durban, jiko safi ambamo hakuna aliyecheka. Mama alikuwa akimtunza mjane wa Kiukraini, Bi Halyna, mwenye magoti mabovu na ulimi mkali. Shule zikifungwa nilifuatana na Mama, nikakaa kwenye kigoda nikinywa ule mchuzi mwekundu kwa woga.

Kwetu Cato Manor, tulikoishi tangu Mama akimbie Kongo, majirani walimwita “Mrusi wa Mama Furaha.” Siku moja, Mama akiwa nje anaanika nguo, ulimi uliniteleza nikamwita Bi Halyna hivyo mbele yake. Alinifinya sikio hadi machozi yakanitoka.

“Waslavi ni ukoo mkubwa,” alisema kwa Kiingereza chake kizito. “Kuna Wapolandi, Wacheki, Waserbia, Wabulgaria, na hao Warusi. Maji wengi wetu tunayaita *voda*, kama nyinyi mnavyosema nyama na Wazulu wakasema *inyama*. Je, wewe ni Mzulu?”

“Hapana, Bibi.”

“Basi nami si Mrusi.”

Akanieleza jinsi watu wa Moscow walivyobeba nafaka ya wazazi wake hadi ndugu zake wakafa kwa njaa, na jinsi mtoto aliyesema Kiukraini shuleni alivyochekwa kama mshamba. Mimi nilichoshika ni kwamba alikuwa na maadui wengi, na sikio langu lilikuwa linauma. Mama, kutoka uani, alishika neno moja tu: ukoo.

Ndiyo maana alipokutana kliniki na mzee Viktor, baharia wa Kirusi aliyeachwa na meli yake hapa Durban, na kumsikia akizungumza kwenye simu maneno yanayofanana na ya Bi Halyna, alifurahi kama aliyeokota dhahabu. “Iko mtu wa kwao,” aliniambia. “Na yeye iko peke yake, maskini.” Pasaka yao, ambayo mwaka ule ilikuja nyuma ya yetu, Mama, na aproni yake ya kazi, akampeleka kwa Bi Halyna, amembebea mzee mkate wake wa sikukuu chini ya kitambaa cheupe, mimi nikiwafuata.

“Kristo amefufuka!” mzee alisema kwenye mlango wa jikoni kwa lugha yake.

“Kweli amefufuka,” Bi Halyna akajibu, maana salamu ile haikataliwi. Kisha lafudhi ya Kirusi ikamfikia. Uso ukajifunga. “Toka.”

“Madame, si ni ndugu yako?” Mama alisema. “Munasema luga moja!”

Bi Halyna akamgeukia. “Na waliochoma kijiji chenu kule Kivu? Hao hawakujua Kiswahili?”

Mama alivua aproni polepole, akaiweka mezani. “Kaka yangu alikufa siku ile,” alisema. “Usimutumie kunifundisha.”

Tulitoka sote watatu. Getini mzee Viktor akacheka, akampigapiga Mama begani. “Usimjali. Hakuna taifa linaloitwa Ukraini. Ni sisi wale wale, wanajifanya tu.”

Mama alisimama. Akamsukumia mkate kifuani. “Na sisi walitusemea hivyo hivyo, ati jina letu haliko,” alimwambia, “mbele ya kuleta moto.”

“Basi turudi kwa Bibi,” nikasema.

“Nyamaza, tembea.”

Mimi na Mama tuliteremka kilima hadi stendi ya Warwick. Hakurudi Morningside tena. Alipata kazi saluni, akisuka nywele za watu hadi vidole vikavimba, na kila nilipomtaja Bi Halyna alivuta nywele za mteja kwa nguvu zaidi.

Kwa miaka mingi niliamini Mama alikasirika kwa sababu wema wake ulitupwa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba pale getini alikuwa amesikia upande wa pili wa neno udugu: kuna anayekuita ndugu ili akunyang’anye jina lako. Bi Halyna alikuwa na haki, na alikuwa amemchoma Mama mahali pasiposameheka. Mama alijua vizuri kuliko sisi sote kwamba Bibi alikuwa na haki, lakini jeraha lile halikumruhusu kupanda tena kile kilima kumwambia.