Niliificha kadi ya punguzo kwa ajili ya kiburi, sasa mwanangu yuko karibu kukosa chuo

Mwanangu amepata nafasi ya kusomea uuguzi! Ndiyo, mwanangu mimi, niliyeishia darasa la sita! Haya, sasa ndiyo niwasalimie: hamjambo wapendwa wa ukurasa huu? Admin, jina langu lifiche. La binti nimelibadilisha, tumwite Furaha.

Nina miaka arobaini na tisa, Mkongomani wa Kivu, mjane, naishi Ingleburn hapa Sydney. Ninatunza wazee siku tatu kwa wiki. Furaha ana miaka kumi na tisa, na sisemi kwa sababu ni wangu, lakini huyu mtoto ana akili. Bibi mmoja alianguka kanisani, watu wazima tukabaki kupiga kelele, yeye akamlaza ubavu, akamshika mkono, akahesabu mapigo ya moyo. Nani alimfundisha? Hakuna!

Siku ya kujiandikisha, Furaha alikwenda kupigwa picha ya kitambulisho, akaniachia karatasi nisogee nazo kwenye foleni. Nyuma yangu nani? Mama Aline wa kanisani (naye si jina lake), na kijana wake. Huyu mama wiki chache kabla alisema mbele ya akina mama wote, "Kuna watu hapa wanavaa vitenge vya kung'aa, kumbe wanalishwa na serikali." Nikamjibu, "Mimi nakula jasho langu, mama." Ni kweli, ila nusu. Siku tatu za kazi hazitoshi, serikali inaniongezea kidogo, na nina ile kadi ya punguzo wanayopewa watu wa kipato kidogo.

Kijana wa kaunta akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, kama nina kadi hiyo. Mkono wangu ulikuwa juu ya mkoba na kadi imo ndani. Nikasikia pumzi ya Mama Aline shingoni. Nikasema, "Hatuna. Sisi tunajilipia." Akaandika. Nikatia sahihi.

Halafu Mama Aline akasogea, akatoa kadi yake bila aibu yoyote, akaiweka pale, tap! Akanigeukia anacheka: "Eh, mama tajiri! Si ungenilipia na mimi basi?"

Wiki iliyopita barua ya ada ikaja. Nilikaa chini. Nikasema hapana, hawa wamekosea. Kazini nikamwonyesha dada mmoja Mtanzania aliyesoma chuo hapa hapa. Akaisoma, akasema, "Dada yangu, bei iliyoandikwa ni moja, bei unayolipa wewe ni nyingine. Mzazi mwenye kadi, mtoto anayemtegemea analipa kidogo sana. Hapa wamekuandikia kama mtu asiye na msaada wowote. Rudi kaunta, waonyeshe kadi, yaishe."

Yaishe! Yeye alikuja na viza ya masomo. Hakukaa kambini.

Mimi nilikaa kambi ya wakimbizi miaka kumi na mmoja. Kule tulijifunza jambo moja: ulichokisema kwenye mahojiano ya kwanza, hicho hicho mpaka kufa. Jirani yetu alisema ana watoto watano. Mara ya pili akasema sita, maana alikuwa amemchukua yatima wa kaka yake. Ukweli mtupu! Lakini dosye yake, lile faili la safari, ililala. Sisi tukapanda basi la kwenda uwanja wa ndege kuja huku, yeye akabaki anatupungia mkono na wale watoto sita. Ndiyo maana nikifikiria kusimama mbele ya yule kijana wa kaunta na kusema "kadi ninayo," namwona yule jirani akitupungia mkono. Sahihi yangu iko pale. Wataniuliza, mama, kwa nini ulidanganya? Wakininyang'anya kadi, je? Wakigusa karatasi zetu za uraia, za Furaha pia?

Nimekwenda mpaka chuoni mara mbili. Mara ya pili mlango ulijifungua wenyewe mbele yangu, nikageuka nikaondoka kama mwizi.

Furaha hajui. Kiswahili anaelewa, ila hujibu kwa Kiingereza. Jana alijikaza, akaniuliza kwa Kiswahili ili kunifurahisha: "Mama, kadi uliwapa, eh?" Nikasema, "Niliwapa, mwanangu." Akanikumbatia. Nikatetemeka, akadhani ni baridi, akaenda kuniletea sweta.

Ada isipolipwa kufikia Ijumaa hii, nafasi yake anapewa mwingine anayesubiri. Yuko mtu anayekopesha kwa riba kali, namba yake ninayo kwenye simu. Nimeiangalia mara nyingi kuliko Biblia wiki hii, Mungu anisamehe.

Ninyi mliosoma vyuo vya huku, ninyi wa maofisini, niambieni ukweli: huku mtu anaweza kubadilisha neno lake na akabaki salama? Nirudi kaunta, au nikope ninyamaze? Na mtoto nimwambie nini? Mkitaka kunicheka nichekeni, lakini mnijibu, tena upesi, maana kanisa zima nimeshalialika kwenye sherehe yake. Mchungaji atamwombea Furaha akiwa amevaa sare yake ya bluu ya uuguzi, sombe (kisamvu) na samaki nimeshaagiza, hata Mama Aline amesema haji mikono mitupu. Wote wanakuja Jumamosi, saa nane mchana.